Digrii Nne

Ibra, mtaa wa magereji, Julai.
Saa nne asubuhi spana tayari zinaunguza viganja,
na kitabu cha injini, kilichoandikwa na watu wa baridi,
kinataka chuma kipimwe katika nyuzi ishirini.
Ndiyo maana pistoni sita zililala ofisini
chini ya kiyoyozi, pamoja na mikromita,
zizoeane nayo kabla ya kuulizana ukweli.

Injini ni ya Muhanna, kijana wa Bidiya.
Ijumaa anataka kuupanda mchanga,
lile tuta lililomrudisha kinyumenyume mwaka jana
mbele ya binamu zake.
Amepiga simu mara tatu tangu alfajiri.
"Shekue, alama si zipo kwenye gia?
Panga nukta kwa nukta, funga, tuwashe."

Nukta zipo. Hata mimi nimeziona.
Lakini zilipigwa na mtu nisiyemjua,
kwenye gia ambayo haikuzaliwa na kamshafti hii.
Mtu haozwi kwa jina tu.

Kwanza natafuta kilele cha pistoni ya kwanza.
Si kazi ya macho. Pale juu pistoni hukawia,
krenki inakwenda, yenyewe imesimama,
kama mgeni aliyeaga na bado ameshika kitasa.
Natia kizuizi kwenye tundu la plagi.
Nazungusha kulia: tk. Alama.
Nazungusha kushoto: tk. Alama.
Kilele ni katikati ya tk na tk,
mahali ambapo sijapagusa.

Sasa kamshafti. Kadi iliyokuja nayo inasema mia na kumi.
Hapo ndipo sijiamini.
Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake,
na jicho langu, likijua linachotamani,
litauinamia mshale wa geji mpaka utii.
Nimemwita Kurian, fundi umeme wa mlango wa pili,
ambaye kadi hajaiona.
Mimi nazungusha, yeye anasoma,
anaandika kwa kalamu kiganjani, anafumba.
Mara tatu.
Anafumbua:
mia na kumi na nne,
mia na kumi na nne,
mia na kumi na nne.

Digrii nne. Kwenye gia
ni upana wa punje moja ya mchele.
Kwenye tuta ni pumzi inayokatika
pale chini kabisa, gari likianza tu kupanda.

Nalegeza, nasogeza gia mbele, nakaza, tunasoma upya.
Mia na kumi.
Kurian anacheka, anakwenda kuleta chai ya karaki.
Mimi sicheki. Valvu inayowahi kufunguka
humkuta pistoni bado yuko mlangoni.

Nimemwibia binti yangu Mayasa udongo wake wa kuchezea,
ule wa kijani. Nilijiambia nauazima.
Nafungua hedi, nabandika kipande juu ya pistoni,
nafunga, nazungusha kwa mkono raundi mbili,
taratibu, kama anayegeuza mgonjwa kitandani,
nafungua tena.
Naukata udongo kwa wembe, napima palipo pembamba.
Milimita moja na nusu.
Tunahitaji mbili.

Karatasi tano za daftari, basi,
ndizo zilizobaki kati ya Muhanna na Ijumaa.

Simu ya nne. "Imekwisha?"
"Njoo uone."
Alikuja na kanzu nyeupe, akasimama mbali na grisi.
Nikamwekea kipande kiganjani.
Nikamwambia pistoni zinakwenda Maskati kuchongwa,
siku nane, labda tisa.
Akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.
Ijumaa hakuitaja.
Aliuliza bei ya kuchonga, tukagombana kidogo, akaondoka
na kidole kimoja cha kijani.

Usiku nimeurudisha udongo kwenye kopo lake.
Mayasa amevitoa vipande kimoja kimoja,
akanusa mafuta, akapitisha kidole kwenye lile bonde la valvu.

"Baba," akasema, "nani ameung'ata?"